Dawa haijakatwa, pamebadilika pa kuichukulia: kisa cha mgonjwa wa kisukari na sharti la famasia ya posta

Kisa hiki kilitokea katika famasia ya mtaani kwenye mji mmoja wa katikati ya Marekani wenye wakimbizi wengi waliotoka Kongo. Nimekiandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaofanya kazi kaunta za famasia, kwa wakalimani, na kwa vijana wanaosindikiza wazazi wao kuchukua dawa. Jina la mgonjwa, mji, mwajiri na kampuni ya bima vimeondolewa, na mambo kadhaa ya familia yamebadilishwa. Dozi na mfuatano wa matukio nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu ndiko somo liliko. Mgonjwa namwita Papa M., na amekubali kisa chake kitumike kufundishia.

Mgonjwa na dawa zake

Papa M. ana miaka hamsini na kitu. Alitoka Kivu, akaishi kambini Nyarugusu mkoani Kigoma kwa miaka mingi, kisha akaletwa Marekani na familia yake. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Ana kisukari cha aina ya pili na presha. Dawa zake ni tatu: metformin (vidonge vya kisukari), amlodipine (vidonge vya presha), na insulini ya glargine ya kalamu, uniti 40 kila siku kabla ya kulala. Kiswahili anakizungumza vizuri, Kifaransa kidogo, Kiingereza cha salamu na cha kazini.

Kwa miaka miwili alikuwa akija kwetu kila mwezi. Tunamfahamu, naye anatufahamu, na mara nyingi hupima presha kwenye mashine iliyo karibu na kaunta kabla ya kurudi nyumbani. Januari mwajiri wake alibadilisha mpango wa bima. Kadi mpya ilikuja kwa posta, akaileta, tukaiingiza kwenye kompyuta, dawa zikapita. Kwa macho yake hakuna kilichobadilika ila rangi ya kadi.

Sharti lenyewe linavyofanya kazi

Bila kulielewa sharti hili la bima la kuagiza dawa kwa posta, sehemu iliyobaki ya kisa itaonekana kama uzembe wa mtu mmoja, jambo ambalo si kweli.

Kati ya bima na famasia kuna kampuni ya tatu, msimamizi wa malipo ya dawa. Yeye ndiye anayeamua dawa gani ilipwe, kwa kiasi gani, na ichukuliwe wapi. Watatu walio wakubwa kabisa ni CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilieleza katika ripoti yake ya Julai 2024 kwamba watatu hao walishughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zote za vyeti (zile zinazoandikwa na daktari) nchini Marekani mwaka 2023. Kila mmoja yuko chini ya paa moja na kampuni kubwa ya bima, na kila mmoja ana famasia yake ya posta, yaani inayomtumia mgonjwa dawa nyumbani. Kwa hiyo msimamizi anapomwelekeza mgonjwa aagize kwa posta, anamwelekeza kwenye duka lake mwenyewe. (Simtaji msimamizi wa kisa hiki, na msomaji asikisie.)

Sharti hulenga dawa za kudumu, zile ambazo mtu huzitumia kila siku kwa miaka: za presha, kisukari, lehemu, tezi. Katika mipango mingi ya aina hii, bima hulipia mara mbili za kwanza za siku 30 kwenye famasia yoyote yenye mkataba nayo. Mara ya tatu inakataa. Kuanzia hapo inataka dawa ya siku 90 itoke famasia ya posta, au kwenye msururu fulani wa maduka iliyouchagua.

Hata hivyo, masharti haya hayafanani. Kuna mpango unaolazimisha kabisa. Kuna mpango unaomtaka mgonjwa apige simu mara moja tu aseme anachagua kubaki na famasia ya mtaani, na akishasema hivyo mambo yanaisha. Kuna pia mpango usiolazimisha chochote, ila anayebaki mtaani hulipa kopei (sehemu ya bei anayotoa mgonjwa mwenyewe) kubwa zaidi. Mpango wa kwanza na wa pili kwenye kompyuta yetu vinaonekana karibu sawa: madai, yaani ombi letu la malipo kwa bima, yanarudi yamekataliwa, kwa kawaida kwa namba 76 au 70, na chini yake sentensi fupi ya Kiingereza kwamba dawa hii ni ya kudumu, tumia posta. Mhudumu anayesoma skrini peke yake hawezi kujua kama mgonjwa ana njia nyingine. Anayejua ni yule anayepokea simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi.

Jambo moja kwa walio na wazazi wazee: mpango wa dawa wa Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee), ule wa Sehemu D, hauruhusiwi kumlazimisha mtu atumie posta. Unaweza kumshawishi kwa bei nafuu, basi. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 akiambiwa dirishani kwamba hana budi kuhamia posta, swali la kwanza ni kadi gani imeingizwa kwenye kompyuta.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Januari dawa zote tatu zililipwa. Pamoja na jibu la malipo ulikuja ujumbe kwamba imebaki mara moja ya kuchukulia dawa mtaani. Ujumbe wa namna hii hutokea kwenye skrini ambayo hujifunga yenyewe madai yakishalipwa. Hakuna aliyeusoma kwa sauti. Februari mambo yakawa yale yale, safari hii ujumbe ukisema hakuna tena iliyobaki. Katika miezi hiyo miwili barua mbili za bima zilifika nyumbani kwa Papa M., zote kwa Kiingereza. Baadaye tulizikuta ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na matangazo ya maduka.

Machi alikuja na binti yake wa miaka 13. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imefika kwenye rafu za sabuni. Mhudumu aliyekuwa dirishani alimwambia binti kwa Kiingereza kwamba madai yamekataliwa, bima haitalipa tena hapa, inabidi wapige simu. Binti akamgeukia baba yake: "Papa, asiransi imekataa. Hawalipi tena."

Papa M. hakuuliza swali. Alisema asante, akachukua kadi yake, akaondoka.

Alichoelewa, kama alivyotueleza baadaye, ni kwamba bima yake imefungwa. Na kwa kuwa bima inatoka kazini, aliona ni dalili kwamba kazini nako kuna jambo. Wiki ile msimamizi wake alikuwa amemhamisha kitengo, basi akaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Hakumuuliza mtu kiwandani kwa kuogopa kuchokoza. Nyumbani alikuwa na kalamu moja ya insulini iliyojaa na nyingine imebaki kidogo. Akapunguza dozi kutoka uniti 40 hadi 20 ili zimfikishe mbali.

Siku ya sita alirudi peke yake kuuliza bei ya insulini kwa fedha taslimu. Safari hii nilikuwapo. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ni kusema kazi wananifukuza?"

Tuliyoamua na sababu zake

Kitu cha kwanza hakikuwa bima. Mfamasia wa zamu alimkaribisha kwenye chumba kidogo cha chanjo, nikakalimani. Alimuuliza amejichoma insulini kiasi gani kila usiku, anakojoa mara ngapi, ametapika, anapumua vipi, mita ya kupimia sukari inasema nini. Mita yake ilikuwa na vipimo vya sukari vya juu ya 300 (mg/dL), yaani juu sana, kwa siku nne mfululizo. Hakuwa na dalili za kumpeleka hospitali siku ile. Mfamasia alipiga simu kliniki, muuguzi akamtaka arudie uniti 40 usiku huo huo na aende kuonana na daktari wiki hiyo. Nimeanza na hili kwa makusudi. Mtu anapokuja kuuliza bei ya insulini ambayo zamani bima iliilipia, chukulia kwamba ameshaanza kuipunguza, na umuulize kabla hujagusa kompyuta.

Pili, tulimweleza. Nilimwambia mambo matatu kwa mpangilio huu: bima yenu ipo na inafanya kazi, dawa zenu zote tatu bado mmeruhusiwa, kilichobadilika ni mahali ambapo bima inataka muzichukulie. Nikamwomba anirudishie kwa maneno yake. Akasema: "Kumbe dawa ni ile ile, ni duka tu wamegeuza." Hapo ndipo tukaweza kuzungumza habari ya posta. Kabla ya hapo lolote ambalo ningesema kuhusu siku 90, fomu au anwani lingepotea, kwa kuwa akili yake ilikuwa kazini kwake.

Tatu, tulipiga namba ya nyuma ya kadi tukiwa naye, simu ikiwa kwenye spika. Mgonjwa asipokuwapo, mpokeaji hawezi kuzungumza mambo mengi kuhusu mpango wake. Tuliomba mkalimani wa Kiswahili, ingawa mimi nilikuwapo, ili lugha yake iandikwe kwenye faili lao. Tuliuliza maswali haya: Je, ni lazima au anaweza kuchagua kubaki? Kama ni lazima, kuna famasia ya mtaani inayoruhusiwa kutoa siku 90? Je, mnaweza kuruhusu insulini mara moja zaidi hapa wakati posta inaandaliwa? Ruhusa hiyo itazuia posta kutuma mapema?

Majibu: ni lazima. Kuna msururu mmoja wa maduka unaoruhusiwa, tawi la karibu likiwa maili 14. Ruhusa ya mara moja wanatoa kwa insulini tu, vidonge hapana.

Swali la nne ndilo wengi hulisahau. Bima ikilipia sanduku la insulini leo kama dawa ya siku 30, posta ikijaribu kutuma siku ya kumi madai yatarudi na namba 79, yaani mapema mno. Ruhusa inayomwokoa mgonjwa leo inaweza kumzibia njia wiki mbili mbele. Mpokeaji aliandika kwenye faili kwamba usafirishaji wa kwanza wa posta usizuiwe kwa sababu hiyo, akatupa namba ya kumbukumbu ya simu. Tuliiandika kwenye rekodi yetu na kwenye karatasi ya Papa M.

Kwa vidonge tuliamua njia rahisi. Metformin na amlodipine ni dawa za bei ndogo sana. Tangu Walmart ianzishe orodha yake ya dola 4 kwa mwezi mwaka 2006, maduka mengi yana bei za namna hiyo, na yetu pia. Papa M. alilipia vidonge vya mwezi mmoja mwenyewe bila kupitisha bima. Faida yake ni kwamba manunuzi hayo hayaonekani kwa bima, kwa hiyo hayazuii posta. Hasara yake ni kwamba fedha hiyo haihesabiwi katika kiwango anachotakiwa kutoa kwanza kwa mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Kwa dola chache, aliona hasara hiyo inabebeka, nasi tuliona hivyo.

Nne, maili 14 au posta? Hili tulimwachia. Anatoka kazini alfajiri, gari la familia linatumiwa na mke wake mchana, na basi haliendi upande ule. Akachagua posta, akiwa na hofu mbili ambazo zilikuwa na msingi. Jengo lao lina masanduku ya barua ya chuma nje, na vifurushi huwa vinapotea. Na insulini je, italala nje kwenye baridi? Wengi wetu tumezoea kuonya habari ya joto, lakini Machi katika mji ule usiku maji yanaganda. Insulini isiyofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikishaganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Shemeji yake hukaa nyumbani na watoto siku nzima, hivyo tukaweka anwani ya shemeji kuwa ya kupokelea, yake ikibaki ya barua. Famasia za posta zinakubali hivyo, ila lazima useme.

Tano, kutuma kwenyewe. Famasia ya posta hupendekeza kuweka dawa kiotomatiki ili zitumwe kila miezi mitatu bila kuulizwa. Tulimshauri akubali kwa vidonge, akatae kwa insulini. Daktari alikuwa bado anarekebisha dozi, na masanduku matatu ya dozi ya zamani yakifika mlangoni hayarudishwi. Malipo ya miezi mitatu kwa mpigo yalimshtua. Tuliuliza kama yanaweza kugawanywa, wakakubali mara tatu.

Mwisho tuliomba kliniki itume vyeti vipya vya siku 90 kwa famasia ya posta. Cheti cha siku 30 kilichoko kwetu hakibadiliki chenyewe kuwa cha siku 90.

Matokeo

Vidonge vilifika kwa shemeji baada ya siku tisa. Insulini haikufika.

Wiki ya pili tulimpigia Papa M. kama tulivyopanga. Alisema simu za namba asizozijua zimempigia mara nyingi, hakupokea hata moja, kwa sababu kanisani wamewaonya juu ya matapeli. Tulipiga posta tukiwa naye tena. Cheti cha insulini kilikuwa kimekwama siku kumi. Kliniki ilikuwa imeandika mililita 15 kwa siku 90. Mililita 15 ni sanduku moja la kalamu tano, uniti 1,500. Uniti 40 kwa siku 90 ni 3,600, bado hujahesabu zile mbili za kujaribishia sindano kila mara. Alihitaji mililita 45, masanduku matatu. Famasia ya posta iliona hesabu haikubaliani, ikakizuia cheti, ikawa inampigia mgonjwa na kutuma faksi kliniki ambayo hakuna aliyeijibu. Kuhusu lugha, faili lilisema Kiswahili, lakini simu za kwanza zilikuwa za sauti ya mashine kwa Kiingereza.

Mfamasia wetu alizungumza na muuguzi siku hiyo hiyo, cheti kikasahihishwa, na masanduku matatu yakafika yakiwa baridi, hayajaganda, akiwa bado ana insulini ya wiki moja kwenye sanduku la ruhusa. Tangu siku aliyorudi dirishani hakukosa dozi tena. Vipimo vyake vilishuka ndani ya wiki chache, kwa mujibu wa daftari analotuonyesha. Famasia yetu ilipoteza madai matatu ya kila mwezi. Papa M. bado anakuja kupima presha na kuuliza maswali.

Uchambuzi

Watu huwa wanakitazama kisa hiki na kusema tatizo lilikuwa lugha, au kwamba mtoto alitafsiri vibaya. Mimi siamini hivyo. Binti alitafsiri sawasawa alichoambiwa. Aliambiwa imekataliwa, akasema imekataa. Mmarekani aliyezaliwa hapo angeondoka dirishani na sentensi hiyo hiyo akiwa hajui kama ana bima. Kasoro iko kwenye sentensi yenyewe: ilitaja kilichokataliwa, ikanyamaza juu ya kilichobaki. Mgonjwa anahitaji kusikia kwanza kile ambacho hakijabadilika. Bima ipo, dawa ipo, daktari ni yule yule, mahali pamebadilika. Ukibadili mpangilio, ukaanza na kukataliwa, kila kinachofuata kinapita juu ya kichwa chake.

Hayo hayamaanishi kwamba kumtumia binti kulikuwa sawa. Kanuni za Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 zinakataza kumtegemea mtoto kukalimani, isipokuwa kwa dharura, katika huduma zinazopokea fedha za shirikisho, na famasia inayopokea Medicare au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) imo. Simu ya mkalimani ilikuwa imening'inia ukutani. Haikutumika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mtoto alikuwa pale anazungumza vizuri. Namwelewa mhudumu yule kabisa, nimesimama dirisha hilo hilo saa kumi na moja jioni. Lakini mtoto wa miaka 13 hakupaswa kubeba nyumbani habari kwamba baba yake hana tena dawa, na mzazi mbele ya mtoto wake hatauliza kama amefukuzwa kazi. Alilouliza akiwa peke yake asingeliuliza akiwa na binti.

Kosa kubwa zaidi, kwa hukumu yangu, lilikuwa la Januari. Taarifa ilikuwapo wiki tisa kabla ya tatizo. Kama mtu angesema siku ile, "Papa, mwezi huu na ujao mtachukulia hapa, wa tatu bima itataka posta, tupige simu mapema," kusingekuwa na ruhusa ya dharura, wala mita ya 300. Kueleza siku ya kukataliwa ni kueleza kwa mtu aliyeishiwa dawa, mwenye haraka na hasira au woga. Kueleza siku ya malipo ya kwanza ni mazungumzo ya dakika mbili na mtu mwenye mfuko wa dawa mkononi.

Kilichofanya kazi vizuri ni simu ya pamoja. Ilichukua dakika 40, na najua famasia nyingi zitasema hazina dakika 40. Jibu langu ni kwamba simu tatu za dakika kumi zisizo na mgonjwa hazizai chochote, kisha mgonjwa anarudi mara nne. Hata hivyo, simu hiyo ilikuwa na pengo: hatukumuuliza mpokeaji famasia ya posta itampigia kutoka namba gani. Namba hiyo ingeingizwa kwenye simu ya Papa M. pale pale na kupewa jina "DAWA", angepokea. Kwa jamii iliyoonywa juu ya matapeli, na imeonywa kwa haki, kumwambia mtu apokee simu zote za ugeni ni ushauri mbaya. Mpe namba.

Hesabu ya cheti nayo. Kliniki nyingi zinabadilisha idadi ya siku na kusahau kubadilisha kiasi, na kwa insulini kosa hilo ni la kawaida sana kwa sababu dawa inaandikwa kwa mililita huku mgonjwa akijidunga kwa uniti. Sasa tunapoomba cheti cha siku 90 tunaipa kliniki hesabu iliyokwisha kufanywa: uniti kwa siku, mara 90, jumla ya mililita, idadi ya masanduku.

Kuna jambo la uaminifu ambalo lazima niliseme. Famasia ya mtaani ina maslahi katika kisa cha namna hii. Ni rahisi, na nimesikia ikifanyika, kumwambia mgonjwa kwamba posta wataharibu insulini yake, ili akasirike na kung'ang'ana. Nasi tulikuwa na uchungu wa kumpoteza. Lakini mgonjwa aliyetishwa kuhusu posta, na bima yake ikabaki hailipi mtaani, hubaki katikati bila dawa. Na kwa mtu mwenye dozi isiyobadilika, anwani ya kudumu na mtu wa kupokea kifurushi, siku 90 kwa posta mara nyingi hugharimu kopei mbili badala ya tatu. Wapo wateja ambao mimi mwenyewe nawashauri wahame.

Malalamiko yana mlango wake. Majimbo kadhaa, New York likiwamo, yana sheria zinazopunguza nguvu ya sharti la posta. Papa M. hazingemsaidia hata angeishi huko, kwa sababu mwajiri wake hulipia matibabu ya wafanyakazi kutoka mfuko wake mwenyewe, na mipango ya aina hiyo husimamiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, si na sheria za jimbo za namna hiyo. Katika mipango hiyo aliyechagua sharti la posta ni mwajiri. Ofisi ya rasilimali watu ndiyo ya kuulizwa kwa nini, na wafanyakazi kumi wakiuliza pamoja wana uzito kuliko famasia. Kiwanda kile kina Wakongo wengi, na shemeji wa Papa M. ameanza kukusanya majina.

Mbali na hesabu hiyo ya cheti, kwetu yamebadilika mambo mawili tu. Ujumbe wa bima kuhusu mara zilizobaki sasa unachapishwa na kubanwa kwenye mfuko wa dawa, na mfuko huo hautoki bila mfamasia au msaidizi kuzungumza na mgonjwa, kwa mkalimani ikihitajika. Na maneno ya kuanzia yamebandikwa ndani ya dirisha, kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili. La Kiswahili nililiandika na Papa M. akalisahihisha, kwa sababu la kwangu lilikuwa refu mno:

"Asiransi yenu iko. Dawa yenu iko. Wanataka muichukulie fasi ingine. Leo mko na dawa ya siku ngapi nyumbani?"

Swali la mwisho aliliongeza yeye.